Mwaka wa Kumfundisha Baba Kutabasamu

Tulipomaliza kumzika Mama tulikwenda nyumbani kwa kaka yangu Deo, Nyarutarama, kunawa mikono na kula. Sebule yake ina makochi ya rangi ya maziwa ambayo watu waliogopa kuyakalia na vumbi la makaburini, na ukutani, juu ya televisheni, ipo picha yetu ya familia: Baba na Mama wameketi, mimi na Deo tumesimama nyuma yao. Wageni waliitazama wakiwa na sahani mkononi. Binti wa Deo, aliyezaliwa babu yake akiwa ameshakufa, alinisogelea akaniambia, "Shangazi, Babu alikuwa na tabasamu zuri sana." Deo alikuwa karibu anamimina soda. Bila hata kugeuka akasema, "Alikuwa hivyo siku zote." Niliweka sahani yangu chini nikatoka bustanini, nikasimama kando ya tangi la maji. Nimevuka arobaini, nimezika wazazi wote wawili, watu wananiita mama mtu mzima, na bado maneno yale yalinipandisha damu kichwani kama msichana wa miaka kumi na tisa. Mlinzi wa Deo aliniletea kiti akidhani nalia kwa ajili ya Mama. Nilikaa kwenye kiti chake nikamwacha adhani hivyo.

Sitaeleza ukoo wetu wala tulivyotoka Karagwe tukafika Kigali. Hayo wengine wameyasimulia vizuri kuliko mimi. Itoshe kusema kwamba nyumbani kwetu Kimironko, nyuma ya soko, tulizungumza Kinyarwanda mbele ya wageni na Kiswahili tulipobaki wenyewe. Mwaka ule nilikuwa nimemaliza sekondari na nasubiri kwenda chuo. Asubuhi moja ya mvua Baba alianguka bafuni. Ilikuwa kiharusi. Alipozinduka hospitalini upande wake wote wa kulia ulikuwa umelala, na kona moja ya mdomo imeshuka kama pazia lililochomoka kwenye kulabu. Mama alimwinamia akamsemesha kwa Kinyarwanda, taratibu, neno baada ya neno. Baba alimtazama kama mtu anayesikiliza redio ya nchi nyingine. Mama akarudia. Mimi, kwa sababu tu nilikuwa nimechoka na sikuwaza, nikamwambia kwa Kiswahili, "Baba, unataka maji?" Akasema, "Maji." Neno lilitoka limekunjamana, lakini lilikuwa neno. Daktari alitueleza kwamba hutokea hivyo kwa watu wa lugha mbili, moja ikapotea na nyingine ikabaki. Ile iliyopotea huenda ikarudi polepole, huenda isirudi. Baba mdogo Kalisti, mdogo wake wa tumbo moja, alikuwa amesimama miguuni pa kitanda na funguo za gari mkononi. Akasema, "Katika lugha zote, amebakiwa na hiyo ya sokoni." Na akacheka kidogo. Kicheko kile ninacho mpaka leo.

Anayemjua Baba angeelewa kwa nini kicheko kile kilikuwa kama kofi. Baba alikuwa msemaji. Katika gusaba, ile siku familia ya mvulana inapokwenda kwa akina msichana kumwomba, wazee wa pande mbili hukaa wakitazamana na kushindana kwa maneno mbele ya watu wote, kwa Kinyarwanda cha ndani chenye mafumbo na utani, na anayeshindwa kujibu hucheka na kunywa. Baba alikulia Tanzania, alisoma kwa Kiswahili, lakini Kinyarwanda kile alikipata kwa wazazi wake wakiwa uhamishoni, akakitunza kama mtu anavyotunza nguo ya sikukuu. Majirani walikuwa wanakuja kumwomba awasemee siku za watoto wao. Nimewaona wanaume wazima wakijipiga mapaja kwa kucheka akizungumza. Na mwaka ule huo Deo alikuwa amechumbia msichana aitwaye Liliani, mtoto wa watu wenye nyumba karibu na uwanja wa gofu. Baba alikuwa ameshaanza kujinong'onezea maneno yake akinyoa ndevu, akijijibu mwenyewe kwa sauti ya baba yake Liliani. Maneno yote yale yalibaki kwenye sakafu ya bafuni.

Wiki za kwanza tulikula pamoja mezani. Ndizi za kupika, maharage, kisamvu ambacho Mama alikitwanga mwenyewe. Baba alikula kwa mkono wa kushoto, na chakula kilimponyoka upande ule uliolala kikateremka hadi kwenye shati. Mama alimfunga taulo shingoni. Deo aliangalia sahani yake muda wote, akamaliza haraka, akaondoka mezani kabla ya chai. Kisha ikaja siku Liliani na mama yake walipokuja kututembelea. Kabla hawajafika Mama alimhamishia Baba chumba cha nyuma, tulikoweka gunia la mchele na mkaa, akasema apumzike. Mimi nilikaa naye nikimlisha viazi vilivyopondwa. Ukuta ulikuwa mwembamba. Tulimsikia mama yake Liliani akiuliza, kwa adabu kabisa, mzee yuko wapi. Tukamsikia Mama akijibu kwamba mzee amesafiri, yuko Bukoba kwa mambo ya shamba. Sijui Baba alielewa kiasi gani cha Kinyarwanda kile, lakini jina la mji lilimfikia. Akaacha kutafuna. Akaniangalia na kijiko kikiwa karibu na mdomo wake, akauliza, "Bukoba?"

Nilimfuta kidevu. Wageni walipoondoka Mama alisema chumba cha nyuma kina utulivu, na tangu siku ile sahani ya Baba ikawa inapelekwa kule.

Wakati huo kulikuwa na dada mmoja wa kliniki, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, aliyekuwa akija nyumbani kumfanyisha Baba mazoezi ya mkono na mguu. Mimi alinifundisha ya uso. Nilihamisha kioo kirefu kutoka chumbani kwa Mama, nikakiegemeza kwenye gunia la mchele, tukakaa mbele yake mimi na Baba. Jaza mashavu hewa. Zuia. Achia. Shika kijiko kwa midomo. Tabasamu. Baba alipoona sura yake mara ya kwanza aligeuza kichwa, lakini kesho yake alitaka tena, na siku zilizofuata alikuwa ananiita mwenyewe, "Jovita. Kioo." Kona ya mdomo ikaanza kupanda, unywele mmoja hivi, kisha mwingine. Maneno nayo yakaongezeka. Alisema "chai ya moto". Alisema "funga mlango, baridi". Siku aliyosema sentensi nzima kuhusu mbwa wa jirani nilikwenda jikoni mbio kumwambia Mama, na Mama akafurahi, akataka kuona. Akaanza kuja kila jioni kutazama, akisimama nyuma yetu mikono kifuani. "Tabasamu tena," alikuwa akisema. "Tena, baba Deo. Sasa bila kufumba jicho." Nilidhani tunatafuta kitu kimoja, mimi na yeye.

Jiko letu lilikuwa nje, kibanda cha mabati pembeni ya nyumba. Jumapili moja nilikuwa naanua nguo nikasikia sauti zao ndani: Mama, Deo, na Baba mdogo Kalisti. Mama alikuwa anasema kwamba mama yake Liliani ameulizia picha ya familia, maana wao yao ipo sebuleni, kubwa, na wangependa yetu ikae pembeni yake.

"Basi tupige," Baba mdogo akasema. "Kwa mtaalamu, Remera, siyo hawa wa barabarani. Tuiweke fremu, tuwakabidhi siku ya gusaba. Wakimwona kaka ameketi na suti yake, mzima, nani atauliza tena? Tutasema safari imemchelewesha. Mimi nitakaa kwenye kiti chake na nitasema maneno."

"Na mdomo?" Mama akauliza.

"Mdomo si unafundishika? Naona mnaendelea vizuri."

Deo akasema, "Mimi nataka siku hiyo ipite tu."

Niliingia na nguo mikononi. Nilikuwa sijawahi kumpandishia Mama sauti maishani mwangu. Nikawauliza kwa nini wasiseme Baba ni mgonjwa, watu wangapi wana wagonjwa nyumbani. Mama alinijibu bila kunitazama, akichochea mkaa ambao ulikuwa tayari unawaka. Alisema mimi siwajui watu. Alisema wataanza kuuliza ugonjwa gani, umetoka wapi, kama uko kwenye damu, kama Deo naye utampata na wajukuu wao utawapata. "Na kama si hilo," akasema, "watamsikia anaongea Kiswahili mbele ya wazee wao kama dereva wa lori. Baba yako, Jovita. Yeye mwenyewe angetaka hivyo?" Baba mdogo akaongeza kwamba binti anayesubiri chuo ameshaanza kuwafundisha wakubwa. Deo alikuwa ameinama anafuta viatu vyake ambavyo havikuwa na vumbi. Nimeishi na kaka yangu miaka mingi baada ya hapo, nimeuguza watoto wake, na bado nikimfikiria ghafla namwona vile, ameinama kwenye viatu visivyo na vumbi.

Maandalizi yalichukua nyumba nzima. Mama alitoa mushanana yake ya harusi, lile vazi la Kinyarwanda la kufunga begani, akakuta imeliwa na nondo mabegani, akatafuta nyingine sokoni ya rangi ya zambarau, kisha akataka shati langu na tai ya Deo zifuate rangi hiyo. Fundi cherehani wa Kimironko, mwanamke wa Goma, alikuja nyumbani kumpunguzia Baba suti kwa sababu mwili wake ulikuwa umepungua ndani yake. Akamsalimia kwa Kiswahili cha kwao, na Baba akamjibu, wakaongea kuhusu bei ya vitambaa kama watu waliojuana siku nyingi, huku Mama amesimama mlangoni anaangalia barabara kama kuna anayesikia. Baba alifurahi siku ile. Nilipomaliza kumsindikiza fundi nikarudi kumnyoa Baba ndevu uani, kwenye kigoda, na nikaona siwezi kuendelea kumshika uso ule huku najua. Nikamwambia yote: picha ni ya nini, nani atapewa, kwa nini wanataka mdomo unyooke. Nilimwambia polepole, kwa maneno mepesi. Povu lilikuwa limemkauka shavuni.

"Mama yako," akasema. Akapumzika. "Anaogopa."

"Hata kama anaogopa, Baba."

"Picha tu," akasema. "Nitampa."

Kwa hiyo ijulikane kwamba alikwenda kwa hiari yake. Hakuna aliyemdanganya kuhusu picha, na Mama alipewa zawadi ambayo hakujua ni zawadi.

Studio ilikuwa ghorofani Remera, juu ya maduka ya simu, na ngazi zilikuwa nyembamba. Deo na Baba mdogo walimpandisha Baba wakimshika makwapani, na kila mtu aliyekuwa anashuka walimwambia, "Mguu umemuuma kidogo." Ndani kulikuwa na pazia la kijivu, taa mbili zenye miavuli myeupe, na joto. Mpiga picha alikuwa kijana mpole. Alimkalisha Baba, akamgeuza bega, akamgeuza kidevu, akarudi nyuma, akakunja uso. "Mzee, angaria huku. Hapana, huku. Sawa, iko vizuri." Mkono wa kulia uliolala Mama aliufunika kwa ncha ya mushanana yake. Kisha akamwambia, kwa sauti ya zile jioni za kioo, "Tabasamu, baba Deo." Na Baba akatabasamu. Miezi yote ile ilikuwa kwenye tabasamu lile. Niliona mishipa ya shingo ikitetemeka kwa kuishikilia ile kona, jasho likimtoka kwenye paji. Alilishika mpaka mwanga ukapiga, akalishika tena, na tena, kwa sababu Mama alikuwa amefumba macho katika moja na Deo hakuridhika na tai yake. Alipoachia, mate yakamtoka. Mpiga picha alitazama kwenye kompyuta yake akasema kona bado iko chini kidogo, lakini si tatizo, atachukua upande ule mzima augeuze auweke huku, hakuna atakayejua. Alisema hivyo Baba akiwa palepale kwenye kiti, kwa Kiswahili, lugha pekee aliyoielewa.

"Fanya hivyo," Deo akasema.

Picha ilipokuja ilikuwa kwenye fremu ya dhahabu. Baba mdogo alipiga mluzi. Mama alilia kidogo akasema, "Huyu ndiye." Mimi nilipewa niishike nimpelekee Baba. Uso uliokuwa pale ulikuwa nusu ya Baba mara mbili, laini, umekaa sawasawa, wenye tabasamu ambalo hajawahi kuwa nalo hata akiwa mzima. Baba alipocheka alicheka kwa upande, tangu ujana wake. Alikiweka kidole kwenye mdomo wa picha, kisha kwenye mdomo wake, akanirudishia. Kesho yake Mama alirudisha kioo chumbani kwake, kwa sababu alikihitaji kujaribia nguo. Wiki iliyofuata dada wa kliniki hakuja. Nilipouliza, Mama alisema harusi ina mambo mengi, tutamwita baadaye. Hawakumwita. Nilijaribu kuendelea peke yangu na kioo kidogo cha mkononi, lakini Baba alikuwa anafumba macho. Hapo ndipo hasira yangu inapokaa. Ningeweza kusamehe picha. Watu wanaogopa, watu wanaona aibu, wanadanganya wakwe. Lakini walimpa mtu sababu ya kupona, alianza kupona, na walipopata walichotaka wakaiondoa kama mtu anavyoondoa ngazi ukutani.

Siku ya gusaba walimwambia atakwenda. Hilo sitalisahau. Asubuhi Baba mdogo mwenyewe alikuja chumba cha nyuma akamwambia ajiandae, gari ni dogo, litawapeleka wao kwanza kisha litarudi kumchukua yeye na mimi. Atakaa tu, hatasema kitu, lakini atakuwepo. Nikaamini. Nilimvalisha suti, nikamfunga tai, nikampaka mafuta viatu. Akaketi kwenye kiti karibu na mlango wa mbele, mlango ambao alikuwa hajaukaribia tangu wageni waanze kuja, mkono wake wa kushoto ukiwa juu ya fimbo. Alikuwa anajaribu maneno. Nilimsikia. Yalikuwa ya Kinyarwanda, mawili matatu, yaliyovunjika, lakini yalikuwa yake ya zamani, yale ya bafuni. Yalikuwa yameanza kurudi na hakuna aliyekuwa anasikiliza ila mimi. Jua likapanda. Magari yalipita barabarani na kila moja lilipopunguza mwendo alijiinua kidogo. Hatimaye nilimpigia simu Mama. Nyuma yake palikuwa na ngoma na vicheko. Alinong'ona, "Mwambie gari limeharibika, mwanangu. Mwambie hivyo tu." Akakata.

Nilirudi mlangoni. Baba alinitazama usoni, na sikuhitaji kumwambia kitu, wala nisingekisema kile nilichoagizwa. Akashika tai yake kwa ule mkono mmoja, akaivuta.

"Vua," akasema.

Nikamvua tai, koti, viatu. Nikamvalisha fulana yake ya nyumbani. Nilidhani atataka kurudi chumba cha nyuma, lakini alikataa. Alinyoosha fimbo kwenye kile kiti kikubwa cha sebuleni, kiti chake, ambacho miezi yote ile Baba mdogo ndiye aliyekuwa akikikalia. Nikamkalisha. Nikapika ugali na dagaa, tukala pale pale sebuleni, bila taulo, na chakula kilichoanguka tukakiacha kimeanguka.

Kichekesho, kama ni kichekesho, ni kwamba wakwe walijua yote kabla mwezi haujaisha. Liliani alipokuja tena nyumbani kwetu aliona, akawaambia kwao, na baba yake akaja mwenyewe Jumamosi moja na matunda. Alikulia Kampala, Kiswahili chake kilikuwa cha kambi za jeshi, kibovu kuliko cha fundi cherehani. Alikaa na Baba mpaka chai ikapoa. Hakuna aliyefuta uchumba, hakuna aliyeuliza kuhusu damu.

Lakini siku ile ya gusaba hatukujua hayo. Walirudi jioni wakiimba tangu kwenye geti, Mama mbele na mushanana ya zambarau, Deo amelowa jasho na furaha, jamaa wengine nyuma yao, na Baba mdogo Kalisti akiwa bado na fimbo ya msemaji mkononi. Walipoingia na kumkuta Baba kwenye kiti chake, na fulana, na ugali kifuani, wimbo ulikatika. Baba mdogo aliwahi kujikusanya. Akamwinamia akamwambia kwa sauti kubwa, kama anamwambia mtoto au kiziwi, "Kaka, wametupa msichana! Wametupa!"

Baba aliwatazama mmoja mmoja, bila haraka: mdogo wake, mke wake, mwanawe. Kisha akasema, kwa Kiswahili safi, kilichonyooka kuliko chochote alichokuwa amesema tangu aanguke:

"Karibuni. Ninyi ni wageni wa nani?"

Deo mpaka leo anasema ulikuwa ugonjwa. Baba mdogo alisema hivyo hivyo palepale, akageuka kuwaeleza jamaa kwamba siku nyingine huwa anapotea. Mama alisimama na sahani aliyokuwa amemletea kutoka sherehe, imefunikwa kwa karatasi ya fedha, akaishika mpaka mikono ikachoka, kisha akaenda nayo jikoni, na hakutoka kule mpaka wageni wote walipoondoka. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye mkono wa kiti, bega langu likigusa bega la Baba. Nilimwona macho. Alijua kila aliyekuwa mbele yake, na jina lake, na alichokifanya. Alinisubiri mimi nikawavutie viti.

Sikuinuka.